Siku Ile Hakukuwa na Mvua

Rispa, mama yangu,

Kwa masikitiko makubwa, na kwa niaba ya mama yako, ya kuku wote waliobaki, na ya ndugu katika Bwana ambao walikuwa wamefunga tangu asubuhi wakimngoja, natangaza kwamba jogoo mwekundu amefariki. Alianguka mwenyewe nyuma ya ghala kabla kisu hakijamfikia. Sababu haijulikani. Na kwa kuwa kibudu hakiliwi, karamu yako ya kuagwa itakuwa kabeji na viazi. Nilipompa Ndugu Yoshua habari hiyo niliona kwa macho yangu imani ya miaka mingi ikitikisika.

Sasa ninyi mko kanisani mkiombewa safari. Mimi nimesema mguu unauma. Mguu hauumi. Nimekaa mlangoni hapa palipo na jua, na sauti zenu nazisikia kutoka ng'ambo ya mtaro. Ndugu Yoshua anaomba sasa hivi. Anamweleza Mungu Molo iko wapi, na treni inapita wapi, kama anayemwelekeza mgeni.

Mambo ya blanketi, sabuni na wanaume mama yako amekwisha kukuambia. Kuhusu wanaume sina la kuongeza, mimi ni mmoja wao na si mfano mzuri. Nina jambo moja tu. Huko hospitali ya misheni unakokwenda kusomea uuguzi, utamkuta Chebet, binti wa Arap Sigei. Yeye ametangulia, yuko mwaka wa pili. Mtalala bweni moja na kula meza moja. Kabla hujamtazama usoni kuna neno ni lazima ulijue, na neno hilo nimelikalia miaka kumi na moja kama kuku anayeatamia jiwe.

Ushuhuda wangu unaujua. Umeusikia mara nyingi hata unaweza kuusema ukiosha sufuria. Tena siku moja nilikusikia jikoni ukiniigiza mbele ya kaka zako, mkono kifuani, sauti ikitetemeka pale pale inapotetemeka yangu: "Nilimkosea mtu fulani, ndugu zangu, mtu asiye na hatia, naye akaondoka katika mvua!" Walicheka sana. Mimi nilisimama nje ya ukuta nikaona uchungu, si kwa sababu ulinidhihaki, bali kwa sababu ulifanya vizuri kuliko mimi.

Huyo mtu fulani ni Arap Sigei. Sikulitaja jina lake hata siku moja. Watu walidhani ni unyenyekevu.

Wakati ule nilikuwa mtu wa mashine ya krimu kwa Bwana Mluzi, mzungu mwenye shamba, huku huku juu, upande wa Kuresoi. Jina lake lenyewe halikutamkika. Tulimwita hivyo kwa kuwa mbwa na watu aliwaita kwa mluzi mmoja, na kila kiumbe alijua mwenyewe kama ameitwa yeye. Arap Sigei alikuwa mkubwa wa wakamuaji. Aliishi shambani na mkewe na Chebet, na ng'ombe wake mwenyewe, kama ilivyokuwa desturi: unamfanyia bwana kazi, naye anakuachia mahali pa kujenga, kipande cha kulima, na majani ya ng'ombe wako. Ukifukuzwa kazi umefukuzwa nyumba, shamba na malisho, vyote kwa neno moja.

Mashine ya krimu, ile inayotenga krimu na maziwa, ina visahani vingi vyembamba vya chuma tumboni mwake. Kila baada ya kazi unavitoa, unaviosha kimoja kimoja kwa maji ya moto. Mimi wakati huo nilikuwa najifundisha kusoma, na mwalimu wangu alikuwa gazeti lolote lililofungia kitu. Siku hiyo nilipata nusu ukurasa uliofungia nyama ya kuwalisha mbwa wa bwana. Ulikuwa na habari ya mzee mmoja aliyewashitaki jirani zake kwa ajili ya nyuki. Nilisoma kwa kidole, neno kwa neno, mpaka pale karatasi ilipochanika. Mpaka leo sijui nani alishinda. Visahani sikuosha. Asubuhi yake nikachuja krimu mpya juu ya uchafu wa jana, na baada ya siku mbili mikebe ikarudi kutoka kiwandani pamoja na barua, na harufu.

Bwana Mluzi akaja mwenyewe mpaka mlangoni mwa chumba cha maziwa.

"Nani nachafua krimu yangu?"

Nikamjibu kwa Kiswahili chake yeye, maana uongo hutembea vizuri zaidi katika lugha mbovu: "Sigei, bwana. Yeye hapana osha mikono."

Sigei alikuwa amesimama hapo hapo na ndoo mbili. Aliziweka ndoo chini, akaitazama mikono yake, upande huu na upande huu, kama mtu aliyeazimwa vitu na sasa anaulizwa vimekaaje. Kisha akazichukua ndoo zake akaenda.

Juma hilo hilo walihama. Hilo unalikumbuka kidogo, ulikuwa na miaka sita. Asubuhi ya kuhama uliniuliza kwa nini Chebet anakwenda. Ningeweza kusema sijui. Ningeweza kusema ni mambo ya wakubwa. Neno hilo limewaokoa baba wengi. Lakini mtu aliyesema uongo mkubwa huwa anapenda kuuona ukitembea. Nikakuambia: "Ni watu wachafu. Wameharibu maziwa ya watu. Usishikane nao mikono."

Chebet akaja. Alikuwa na mwanasesere wake wa gunzi la mahindi, aliyefungwa kitambaa cha bluu, akataka kukupa. Wewe ukaweka mikono nyuma. Ukasema kwa sauti ya mtoto mtiifu, sauti iliyofika mpaka kwenye mkokoteni waliopakia vyombo vyao: "Baba amesema ninyi ni wachafu."

Nilikuwa kando ya ghala. Nilisikia kila neno. Na kwa kuwa nimeamua leo kutopamba kitu, nitakuambia nilichofikiri: nilifikiri, huyu mtoto ana masikio mazuri, huyu atasoma.

Baadaye nikaokoka.

Usinielewe vibaya, sisemi nilijifanya. Nililia machozi ya kweli. Lakini unajua desturi yetu ya Ijumaa katika banda la kukaushia pareto: hakuna kutembea nuruni bila kusimama mbele ya watu ukataja dhambi zako, na asiyetaja anatazamwa kama aliyekuja kula bila kuchanga. Kwa hiyo kila mtu hutafuta. Ndugu Yoshua amekuwa akitubu jembe moja tangu nimjue. Nadhani jembe lenyewe limekwisha kuoza, yeye bado analiiba kila Ijumaa. Mama Dorkasi hutubu kwamba alimchukia fulani kwa sababu fulani ni mvivu, mchoyo na analala na mume wa mwingine. Anaketi akiwa mweupe kama theluji, na fulani anatoka nje akiwa mweusi. Hiyo ndiyo toba tunayoijua hapa: kufua nguo yako na kumwagia jirani maji.

Mimi nilikuwa na dhambi nzuri kuliko zote. Ilikuwa na bwana mzungu, mtu asiye na hatia, mtoto na mkokoteni. Niliposimama mara ya kwanza, banda zima lilinyamaza mpaka ukasikia maua ya pareto yakikauka. Wakanikumbatia. Wakaimba. Nikatoka pale mwepesi kama unyoya. Juma lililofuata nikaalikwa Kuresoi kwenyewe, kisha Njoro, kisha Lanet, kwa ndugu wanaoishi karibu na kambi ya askari, na huko sajini mmoja alilia mpaka akalowesha kola. Kila nilipokwenda nilirekebisha kidogo. Nikaongeza mvua, kwa kuwa kuhama katika jua hakumlizi mtu. Nikamwongezea Sigei mtoto mchanga mgongoni mwa mkewe. Wewe nikakutoa kabisa. Mtu anaposimama kutubu anataka aonekane mwovu, sawa, lakini hataki aonekane mpumbavu aliyemtumia binti yake wa miaka sita.

Angalia sasa mahali nilipokuwa nimefika, mama. Nilikuwa nimewaomba msamaha watu wa Lanet, wa Njoro, wa Kuresoi, ambao sikuwakosea chochote, nao wamenisamehe kwa moyo wote. Ni rahisi ajabu kusamehe krimu ya mtu mwingine.

Kisha ukaja mkutano mkubwa wa Nakuru, mwaka huu, kabla ya mvua za masika. Mhubiri mmoja mgeni alifundisha juu ya upatanisho. Alifundisha vizuri, sina dharau naye, dharau yangu leo ina watu wake. Alisema: mwenye kosa alistahili kuhukumiwa, akaja asiye na kosa, akasimama mahali pake, akaibeba hukumu, na mwenye kosa akaenda zake huru. Watu wote wakasema amina. Mimi nilisema amina kwa sauti kubwa kuliko wote. Amina ilipokuwa bado inatoka kinywani nikakumbuka kwamba mpango huo mimi nilishaufanya, tena bila kuisumbua mbingu. Nilikosa mimi, akasimama Sigei, nikaenda zangu huru. Tofauti ni moja tu, na niliiona pale pale: Yesu alijitoa mwenyewe. Sigei nilimsukuma.

Ungedhani mtu aliyeona hivyo ataketi chini. Mimi nilipoitwa kutoa ushuhuda nilisimama, nikautoa wote, pamoja na mvua.

Tulipotoka, mama mmoja mrefu alinijia. Alikuwa na shuka la kijani, na viatu amevishika mkononi. Nilidhani amekuja kunishukuru, wengi huja.

"Bwana asifiwe, ndugu," akasema.

"Asifiwe, mama."

"Umesimulia vizuri. Watu wamelia."

"Ni neema tu, mama."

"Ndiyo. Lakini siku ile hakukuwa na mvua."

Nikamtazama. Miaka ilikuwa imemwondolea nyama usoni, ndiyo maana sikumjua mara moja. Alikuwa mama Chebet.

"Tena sikuwa na mtoto mgongoni," akasema. "Nilikuwa na sufuria." Kisha akaniuliza, bila hasira, kama mtu anayeuliza njia: "Lanet umefika. Njoro umefika. Sisi tuko Kabazi. Kabazi ni mbali?"

Nikamuuliza habari za nyumbani, kama mpumbavu. Akasema Mungu ni mwema, Chebet yuko hospitali ya misheni anasomea uuguzi. Nikasema vizuri, vizuri sana. Na siku ya kumi baada ya hapo ikaja barua yako wewe ya kukubaliwa, hospitali hiyo hiyo.

Nataka ulijue hili waziwazi: kama ungeitwa hospitali nyingine, nisingekwenda Kabazi, na barua hii isingekuwepo. Mungu hakunisukuma. Ni wewe, na bweni lile.

Nilikwenda na kondoo dume. Unakumbuka niliwaambia nampeleka mnadani Subukia? Sikumpeleka mnadani. Kondoo yule alikuwa na dharau kuliko mimi. Alikaa chini barabarani mara nne, na mara ya tano akala ukingo wa kofia yangu. Nilifika kwa Sigei nikiwa na nusu kofia, natoka jasho, nimeshika kamba ya mnyama aliyekuwa ananivuta yeye. Nilikuwa nimejiandalia maneno mazuri njiani, maneno ya kumlaumu mtenda dhambi kwa nguvu mpaka msikilizaji amhurumie. Ndivyo nilivyozoea.

Sigei amezeeka. Anakamua kwa mzungu mwingine huko, na ana mahali pa kujenga. Akaniangalia, akamwangalia kondoo.

"Ni yupi kati yenu amekuja kuniona?" akauliza.

Akaniweka kwenye kiti kivulini mwa nyumba. Nikafungua mdomo, akainua kidole. "Maziwa kwanza." Mgeni hasemi shida yake kabla hajanywa maziwa, hilo nililijua tangu zamani. Mkewe akaleta kibuyu cha maziwa ya mgando. Kabla ya kunimiminia, Sigei akaita maji. Akanawa mikono. Akanawa polepole, kidole kwa kidole, kisha viganja, kisha mpaka kwenye viwiko, na muda wote huo akanitazama. Akajifuta. Akaagiza maji tena, akanawa mara ya pili. Halafu ndipo akanimiminia, akanipa kwa mikono miwili.

Nilikunywa, mama. Sijawahi kunywa kitu kizito kama kile.

"Sasa sema," akasema.

Na maneno yangu yote mazuri yakaisha. Nikasema: "Mimi ndiye sikuosha visahani."

"Ninajua."

"Nikakusingizia wewe."

"Nilikuwepo."

"Nisamehe."

Akachokonoa ardhi kwa fimbo. Akaniambia jambo moja kuhusu ile krimu, nitakuambia mwisho, kwa sababu bado linanikera. Kisha akasema: "Hayo ya krimu nilishayasamehe zamani, hata kabla hujaokoka. Sikukungoja wewe. Ningekungoja ningekufa nayo. Lakini la Chebet siwezi. Si mimi niliyeambiwa mchafu."

Mkewe ndiye aliyenieleza, kwa sauti ya chini, akiwa ameshika kile kikombe nilichonywea. Siku ile ya kuhama, walipopiga kambi ya kwanza njiani, walimkosa Chebet. Walimkuta mtoni. Alikuwa anasugua mikono kwa mchanga. Alikuwa amesugua mpaka ngozi imetoka, na bado anasugua. Yule mwanasesere alikuwa amemtupa majini, kwa kuwa naye alikuwa ameshikwa na mikono ile.

"Mpaka leo hapeani mkono na mtu," akasema. "Ataosha wagonjwa mia. Mkono hapeani."

Basi hilo ndilo neno, mama. Watu hawa hawakuwa wachafu. Mchafu alikuwa baba yako na visahani vyake, na akauchukua uchafu huo akautia kinywani mwako ukiwa na miaka sita, kwa sababu wewe uliaminika kuliko yeye. Wewe hukuwa na kosa. Nakumbuka mwaka juzi, sokoni Nakuru, ulipowaona wakamuaji wamekaa na maziwa yao, ukanivuta shati ukasema, "Baba, tununue kwingine, hawa wachafu." Nikakufuata. Niliokoka, nikahubiri, nikalizwa na nikaliza watu, na lile neno bado lilikuwa linatembea na miguu yako mbele yangu sokoni mchana kweupe, na mimi nyuma yako nimebeba kikapu.

Sikutumi ukaniombee msamaha kwa Chebet. Nikifanya hivyo nitakuwa nimepata Sigei wa pili, tena wa damu yangu. Nitakuja mwenyewe Pasaka, na sitakuja kukuona wewe, utanisamehe. Sitaleta kondoo. Sitaleta ushuhuda. Kama hatapenda kuniona nitarudi na treni ya jioni, nayo itakuwa haki yake.

Ila wewe utafika kesho, mimi bado sijafika, na lazima ujue unakutana na nani. Utakavyofanya ni juu yako. Ukiona utasema naye, usiseme mbele ya watu, wala siku ya ibada. Watu wakikutazama utaanza kuwapendeza, nakujua, umetoka kwangu. Tafuta saa ya kazi, mnapofua mashuka. Usilie kabla yake. Usimwambie habari za mto, mwenyewe anazijua. Na akikuambia hasamehi, usimwambie kwamba Mungu ameamuru. Nimewasikia wengi hapa wakimkumbusha mtu waliyemkanyaga kwamba Mungu ameamuru. Mungu wangu, watu hawa! Wanaitumia ile damu ya Yesu kama bwana alivyoutumia mluzi.

Mimi naamini bado. Nitashangaza wengi nikisema hivyo baada ya barua hii. Naamini yupo aliyesimama mahali pangu kwa hiari yake, na kwamba dhambi yangu imelipwa huko juu. Lakini huko juu hakuna mtoto aliyesugua mikono kwa mchanga. Huyo yuko huku chini, na huku chini njia ni ya kutembea kwa miguu, nayo inapita Kabazi.

Nawasikia mnamaliza. Yoshua amesema amina ya tatu, ina maana ameanza kufikiria viazi. Barua hii nitaiweka chini ya blanketi ndani ya sanduku lako la bati, uione ukiwa kwenye treni, mahali ambapo huwezi kushuka ukarudi kunitazama.

Basi nikuambie aliloniambia Sigei kuhusu krimu, ile krimu iliyonifanya mhubiri, iliyomliza sajini wa Lanet, ambayo nimeitubia katika kila banda la bonde hili. Bwana Mluzi alikuwa hataki tena ng'ombe wa wafanyakazi kwenye majani yake. Sigei alikuwa amepewa notisi ya kuhama wiki mbili kabla ya uongo wangu. Siku aliyopewa, krimu ilikuwa bado nzuri.

Baba yako.